Vigae katika Kopo la Maziwa

Ndugu wasomaji, juma hili naomba radhi kwa kuyaacha kando mazungumzo yetu ya kawaida ya jiko, uji wa watoto na matumizi ya mwisho wa mwezi. Nitawapeleka mbali kidogo, hadi Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Lakini msihofu, hatutatoka nje ya nyumba. Jambo nitakalolisimulia lilitokea uani, mbele ya mama, baba na mtoto, na swali lililoulizwa hapo ni swali ambalo kila mzazi hana budi kulijibu siku moja: mtoto wangu akipenda kazi nisiyoijua, nimsaidie au nimzuie?

Nilikwenda huko kumtembelea binti wa mama yangu mdogo, ambaye ameolewa na sajini wa polisi wa Zambia. Safari kutoka Tunduma ni ndefu, kupitia Kasama na Mansa, na mtu hufika akiwa na vumbi hata kwenye kope. Lakini ukiliona ziwa unasahau uchovu. Mweru ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo umepita katikati yake. Mto Luapula huingia upande wa kusini. Maji hutoka kaskazini kwa Mto Luvua, yakaenda kuungana na mito ya Kongo. Jioni wanawake huanua chisense, samaki wadogo mithili ya dagaa wetu, walioanikwa mchangani tangu asubuhi. Upande huu wenyeji husema Kibemba na lugha zilizo ndugu zake. Ng'ambo ya pili husemwa Kiswahili cha Kongo. Tena tangu mwaka 2018 yako makazi ya Mantapala katika wilaya hiyo hiyo, yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, kwa hiyo hata sokoni Kashikishi mgeni kutoka kwetu hakosi wa kuongea naye.

Siku ya pili ya kukaa kwangu, mpwa wangu, kijana wa miaka 12, aliniletea kopo la maziwa ya unga. Alilifungua kama afunguaye sanduku la fedha. Ndani mlikuwa na vigae 31 vya vyungu, vingine vimepambwa kwa mistari iliyokwaruzwa udongo ulipokuwa mbichi, jiwe moja lililochongwa ubapa, na shanga mbili za rangi ya buluu. Aliviokota, alisema, katika mwinuko ulio nyuma ya nyumba, mahali ambapo majirani huchimba udongo wa kufyatulia matofali.

Baba yake aliingia wakati huo huo kutoka zamu, angali na sare. Alilitazama kopo, akakunja uso. "Shemeji," akaniambia, "leo usiku kopo hili litakwenda ziwani. Nimekwisha sema mara mbili, sitasema mara ya tatu." Msidhani kwamba alikuwa mtu mjinga. Hoja yake ilikuwa hii: vitu vya kale aghalabu ni vitu vya wafu, na mtoto wa askari polisi akisikika kijijini kwamba anakusanya vitu vya makaburini, maneno hayatamwisha baba yake. Mama naye alikuwa na hoja yake. "Kaka," akasema, "mtoto huyu alikuwa wa tatu darasani. Sasa kila akitoka shule yuko shimoni. Wewe unaandika magazetini, umeona mengi. Mwambie mwanao kama yuko mtu duniani anayelipwa mshahara kwa kuokota vigae."

Kijana akanitazama. "Mjomba, yupo?"

Nilikawia kujibu, na sababu ya kukawia kwangu ni ya aibu kidogo. Miaka zaidi ya arobaini iliyopita, nilipokuwa askari kijana, tulikuwa tukichimba mahandaki mahali fulani pwani. Sururu yangu iligonga kitu, nikapangusa mchanga, nikaona mdomo wa mtungi. Ulikuwa mzima. Tuliutoa, tukaukuta una shanga ndani, kiasi cha kujaza viganja viwili. Tuligawana shanga kama wagawanavyo karanga. Mtungi tukauweka juu ya kifusi, tukashindana nani ataupiga kwa jiwe kwanza. Aliyeupiga ni mimi. Nilishangiliwa, na nikajiona hodari. Shanga zangu nilimpa binti mmoja ambaye hakuzipenda, na sasa haziko popote. Hakuna aliyetukataza, kwa maana hakuna miongoni mwetu aliyejua kwamba palikuwa na kitu cha kukatazwa.

Basi nikamjibu mpwa wangu: "Yupo." Nikaomba chai, nikaomba na shemeji akae, kisha nikaanza kueleza.

Kazi hiyo huitwa akiolojia, yaani elimu ya kuyajua maisha ya watu wa kale kwa vitu walivyoviacha ardhini. Mwenye kazi hiyo si mtafuta hazina. Nikamgeukia shemeji: "Wewe ukiitwa mahali palipotendeka uhalifu, jambo la kwanza ni nini?" Akajibu bila kufikiri kwamba ni kuzuia watu wasikanyage, na kitu chochote kisiondolewe kabla hakijaandikwa na kupimwa pale kilipo. Kisu kilichokutwa chini ya kitanda ni ushahidi; kisu hicho hicho kikiletwa kituoni ndani ya mfuko na mtu asiyejua kilikotoka, ni chuma tu. Nikamwambia kwamba mwanaakiolojia hufanya vivyo hivyo, ila mashahidi wake wamekufa zamani na hawezi kuwaita mara ya pili. Udongo umelala tabaka juu ya tabaka. Kwa kawaida la chini ndilo la zamani zaidi. Kigae kilichokutwa katika tabaka lake, pamoja na mkaa wa jiko na mifupa ya samaki, husema kililiwa nini, lini na na nani. Kikishang'olewa, kimekatwa ulimi.

Shemeji alikunywa chai yake kimya. Nilijua kwamba hoja imeingia.

Kisha niliwasimulia habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo katika nchi yao wenyewe. Jina lake ni Desmond Clark, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1916 na kusomea Cambridge. Mwaka 1938, akiwa hajatimiza miaka 22, alikuja kutunza jumba dogo la makumbusho katika mji wa Livingstone, karibu na maporomoko ya Victoria. Vita Kuu ya Pili ilipofika Afrika alivaa sare, akatumika Somalia na Ethiopia. Kila alipopata nafasi aliokota zana za mawe, akaandika mahali na tabaka alimozikuta. Matokeo yake ni kitabu kizima juu ya watu wa kale wa Pembe ya Afrika, kilichotolewa mwaka 1954. Askari wenzangu, fikirini: mahandaki yake yalimpa kitabu, yangu yakanipa mtungi wa kupiga mawe. Tofauti kati yetu haikuwa akili. Yeye alikuwa amefundishwa kutazama, mimi sikufundishwa.

Mwaka 1953 Clark alifika Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mto huanguka zaidi ya meta 200. Juu ya maporomoko hayo, kando ya maji, aligundua mahali walipokaa watu kwa muda mrefu ajabu. Tabaka za juu zilikuwa na vyungu vya wakulima wa mwanzo waliojua kufua chuma, waliokaa hapo yapata karne ya nne na baadaye. Tabaka za chini kabisa zilikuwa na mashoka ya mawe ya watu wa zamani mno, na pamoja nayo vipande vya miti. Alichimbua tena na tena katika miaka ya 1950 na 1960, akaandika matokeo katika vitabu vitatu. Cha kwanza kilitolewa mwaka 1969, cha pili 1974, na cha tatu 2001, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Tangu siku aliyopaona hadi kitabu cha mwisho ni miaka 48. Mkewe, Betty, alifanya kazi bega kwa bega naye maisha yote. Kazi hiyo yataka mtu mwenye subira, na nyumba yenye subira pia.

"Lakini mti huoza," akasema mpwa wangu. Hilo ndilo swali hasa. Mti huoza kwa sababu wadudu na viumbe vidogo visivyoonekana huula, navyo vyahitaji hewa. Kalambo miti ilifunikwa na mchanga uliolowa maji, hewa ikakosekana, nayo miti ikadumu. Mwaka 2019 wataalamu walirudi huko wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, pamoja na Perrice Nkombwe wa Makumbusho ya Livingstone. Walikuta magogo mawili yamelazwa moja juu ya jingine kwa kupingana, na lile la juu limechongwa pengo ili likae barabara bila kuteleza. Seremala yeyote angetambua kazi ya mkono. Umri wake, uliotangazwa mwaka 2023, ni miaka isiyopungua 476,000. Wakati huo watu wa aina yetu sisi walikuwa hawajatokea bado duniani.

Na umri huo walipimaje? Chembe za mchanga zikifukiwa gizani hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutoka katika miamba inayozizunguka. Zikipigwa na jua nguvu hiyo hutoweka, na hesabu huanza upya. Wataalamu huchukua mchanga bila kuuonyesha mwanga, wakapima nguvu iliyokusanyika, wakajua ni lini ulionwa na jua mara ya mwisho. Nilimwona mpwa wangu akilitazama kopo lake, kisha akakitazama kile kilima nyuma ya nyumba, na nadhani alikuwa ameanza kuelewa ni nini alichokiharibu bila kukusudia.

Shemeji, kama askari hodari, hakukubali kushindwa upesi. "Sawa," akasema, "lakini hiyo ni elimu ya Wazungu. Nimeona katika vitabu vya shule: nguzo za marumaru za Wagiriki, Roma, mahekalu. Mtoto wa Nchelenge ana nini na Roma?"

Ni kweli kwamba liko tawi la akiolojia linaloshughulika na Wagiriki na Warumi wa kale, na ndilo lililoheshimiwa zaidi vyuoni Ulaya kwa muda mrefu. Huitwa akiolojia ya kiklasiki. Anayelisomea hujifunza Kigiriki na Kilatini, kisha akachimbua miji, mabandari na mahekalu. Lakini si kweli kwamba habari hizo hazituhusu. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza safari za majahazi kuelekea pwani yetu, ambayo aliiita Azania. Mwisho wa safari ulikuwa soko liitwalo Rhapta, ambako watu walitoa pembe za ndovu na magamba ya kasa, wakapokea zana za chuma na vitu vya kioo. Mji wa Rhapta umepotea, na hata leo wataalamu wanabishana ulikuwa wapi.

Mmoja wa waliokwenda kuutafuta ni Mtanzania, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Somo la akiolojia lilianzishwa chuoni hapo mwaka 1985. Yeye alipata shahada yake ya udaktari huko Uppsala, Sweden, mwaka 1994, kwa kuandika juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu moja ya kwanza baada ya Kristo. Alichimbua maeneo ya Rufiji na visiwa vya Mafia, akasema kwamba waliokaa pwani nyakati za Warumi walikuwa wakulima wenyeji wenye vyungu vyao na chuma chao, wala si watu waliongoja kuletewa ustaarabu. Mwaka 1999 alitangaza shanga za kioo kutoka bonde la Rufiji ambazo kwa maoni yake zilitoka katika dola ya Warumi. Wako waliomuunga mkono na wako waliotaka ushahidi zaidi, na ndivyo elimu inavyokwenda. Lakini tazameni: hoja nzito kama ile, ya kuiunganisha nchi yetu na ulimwengu wa Roma, ilisimama juu ya shanga chache tu, kwa sababu zilijulikana zimetoka shimo gani na tabaka gani.

Hapo nilinyamaza kidogo. Dada yangu akaniuliza nina nini, nikasema chai imenipalia. Shanga zetu za handakini huenda zilikuwa za juzi tu, zisizo na thamani. Huenda sivyo. Hakuna mtu awaye yote atakayejua sasa, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata kosa langu siwezi kulipima ukubwa wake.

Mwaweza kuuliza, mwanaakiolojia na watoto wapi na wapi? Jibu liko katika maisha ya mtu mwingine, Thurstan Shaw, aliyezaliwa Plymouth, Uingereza, mwaka 1914. Huyu alianza Cambridge kwa masomo ya Kigiriki na Kilatini, kisha akageukia akiolojia. Angeweza kukaa na nguzo za marumaru. Badala yake mwaka 1937 alikwenda Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kuwa mwalimu katika Chuo cha Achimota, na huko akatunza makumbusho ya chuo na kuchimbua nchini humo, huku akifundisha vijana. Alikaa hadi mwaka 1945. Aliporudi kwao aliendelea na kazi ya elimu kwa miaka mingi. Kisha Nigeria ikamwita.

Huko Igbo-Ukwu, mashariki mwa Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1930, mwananchi mmoja aitwaye Isaiah Anozie alikuwa akichimba shimo la maji uani kwake, akagonga vyombo vya shaba vilivyotengenezwa kwa ustadi usio wa kawaida. Majirani walikuja, kila mmoja akachukua chake, wengine wakidhani ni dawa. Ofisa mmoja wa serikali alifanikiwa kununua sehemu ya vitu hivyo na kuvihifadhi. Miaka ishirini baadaye Shaw alifika, mwaka 1959, akachimbua kwa utaratibu katika ua huo na nyua za jirani, akapata shaba nyingine pamoja na shanga zaidi ya 150,000. Zilikuwa za karne ya tisa au ya kumi hivi. Dunia ikajua kwamba mafundi wa Kiafrika walifua shaba kwa ufundi wa hali ya juu karne nyingi kabla ya jahazi la kwanza la Ulaya kufika pwani ile. Shaw alikuwa profesa Ibadan kuanzia mwaka 1963 hadi 1974, na watu wa Igbo-Ukwu wakampa cheo cha heshima cha kwao. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 98.

Naye Clark, alipotoka Livingstone mwaka 1961, alikwenda Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, akafundisha huko hadi mwaka 1986. Miongoni mwa Waafrika waliosomea chuoni hapo ni Berhane Asfaw wa Ethiopia, ambaye baadaye aligundua mabaki mashuhuri ya watu wa kale katika nchi yake. Katika maisha haya ya Clark na Shaw naona jambo moja. Mchimbuaji mmoja, hata akiishi miaka 98, hawezi kuchimba ila mashimo machache. Ardhi iliyobaki inachimbwa na watu wengine: wafyatua matofali, wajenzi wa vyoo, wakulima, askari wenye sururu, na watoto. Usalama wa mambo ya kale uko mikononi mwa hao. Kwa hiyo mwanaakiolojia asiyefundisha ni kama mlinzi anayelinda dirisha moja katika nyumba yenye milango mia.

Dada yangu, ambaye ndiye mwenye kununua unga, hakusahau swali lake. "Na mshahara, kaka?" Nilimjibu kwa ukweli, kwani si vizuri kumdanganya mzazi. Kazi hizo ni chache. Zambia ina makumbusho ya Livingstone, Lusaka, Ndola na Mbala, ina tume ya taifa ya kuhifadhi urithi, na ina vyuo vyake. Pengine bwawa au barabara ikijengwa, wataalamu huitwa kukagua ardhi kwanza. Nafasi hizo hazitoshi kila apendaye vigae. Lakini kijana atakayejiandaa kwa kazi hiyo atasoma historia, jiografia, sayansi, hesabu na lugha. Asipopata nafasi ya kuchimbua, anaweza kuwa mwalimu mzuri sana, na darasa lake litakuwa na bahati. Hayo si masomo ya kupotea. Nikamwambia kijana naye ukweli wake: asiposhika tena nafasi ya tatu darasani, hakuna chuo kitakachomuuliza habari za kopo.

Usiku ule kopo halikwenda ziwani. Shemeji aliingia chumbani, akatoka na daftari jipya. Akamketisha mwanawe mezani chini ya taa, akaanza kumuuliza, kwa sauti ile ile, nadhani, anayowauliza mashahidi kituoni. Kigae hiki ulikiokota wapi? Umbali gani kutoka mti wa mwembe? Chini kiasi gani? Siku gani? Nani alikuwapo? Kijana alijibu awezavyo. Katika vigae 31 alikumbuka mahali pa vigae saba, na ushanga mmoja. Vingine vyote alitikisa kichwa. Mwishoni alikuwa karibu kulia. Baba yake hakumkemea. Aliandika kwa herufi zake za kipolisi, "mahali hapajulikani," mara 24, kila kimoja mstari wake, akafunga daftari, akasema, "Kuanzia leo huokoti kitu. Ukiona, unaniita."

Asubuhi yake tulikwenda wote hadi kile kilima. Walikuwapo wafyatuaji wawili, na mmoja wao, mzee, alisalimiwa na shemeji kwa heshima, "mukwai," wakazungumza kwa Kibemba muda mrefu. Mzee akasema kwamba bibi yake alikuwa mfinyanzi, na akatuonyesha kwa kidole jinsi mistari ya namna ile ilivyochorwa. Bonde la Luapula limejaa historia: Mwata Kazembe na Walunda wake walifika karne ya 18, na kila Mwata mpya alihamisha mji wake, Wareno walifika kwao mwaka 1798, na Livingstone mwaka 1867, akawakuta wafanyabiashara kutoka pwani yetu wamemtangulia. Katikati ya ziwa kiko kisiwa kiitwacho Kilwa, na ng'ambo, upande wa Kongo, uko mji uitwao Kilwa, majina yanayomfanya mtu wa pwani akumbuke kwao. Vigae vile vyaweza kuwa vya bibi wa mzee yule, au vya miaka elfu iliyopita. Shemeji aliahidi kupeleka habari kwa wahusika wa urithi wa taifa, na mzee alikubali kuhamia upande wa pili wa kilima wakati wanangoja. Hayo ndiyo yaliyowezekana.

Sasa, ndugu zangu, kuna neno kwa kila nyumba isomayo ukurasa huu. Mama, mtoto akileta kigae, usikitupe wala usikisugue kwa majivu. Muulize kwanza alikitoa wapi, kisha mwelekeze kwamba safari nyingine akiache pale pale, aweke alama na kuja kusema. Baba, ukichimba msingi au choo ukakuta vyungu, mifupa au shanga, simama, uende ukatoe habari. Mahali penye kaburi paheshimiwe kama upendavyo liheshimiwe lako. Askari polisi mwajua kwamba hilo ni jambo la sheria pia: Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, na Zambia ilitunga sheria ya kuhifadhi urithi wa taifa mwaka 1989. Na wewe askari kijana, ambaye labda leo hii unachimba handaki mahali fulani, sururu yako ikigonga mdomo wa mtungi, mwite kamanda wako kabla hujawaita wenzako.

Nilipoagana nao kituo cha mabasi, mpwa wangu aliniuliza kama mtungi wangu ulikuwa na mistari. Dada alikuwa amemsimulia. Nilijaribu kukumbuka. Nakumbuka kelele za wenzangu na jinsi vipande vilivyoruka. Mistari siikumbuki, nami nilimwambia hivyo. Alifungua daftari lake, akaandika, akanionyesha kupitia dirishani basi lilipokuwa likiondoka: mtungi mmoja, pwani, mahali hapajulikani.